Kubwaga na Kibwagizo

Nilitoa hotuba hii Jumamosi iliyopita hapa Bondeni, Nakuru, mbele ya vijana wetu wa maigizo na ushairi, wazazi wao, na majirani waliosikia kipaza sauti wakaingia. Waliokosa wameniomba niiandike. Naiweka nzima.

Hamjambo nyote? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi bado ipo.

Paukwa!

(Ukumbi ukaitika: Pakawa!)

Mmesikia? Hakuna aliyewakumbusha asubuhi kwamba Mwalimu atasema paukwa. Nimetoa neno moja, nanyi mmelitolea mwenzake. Hata mzee wangu pale, aliyekuwa ameanza kusinzia, ameitika. Shikeni hilo, tutalirudia.

Majuzi nilikuwa sebuleni natazama pambano la zamani la John Cena, mwanamieleka wa Marekani. Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, akapita mlangoni na beseni la nguo. Akasimama. Akaniambia, "Mwalimu, huyu si sasa atampungia mwenzake mkono usoni, kisha atakimbilia kamba, kisha amwangukie? Hata mimi nishajua. Wewe unatazama nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Karibu uketi, mama." Akaketi, beseni mapajani. Na Cena alipoinua mkono wake juu, ule mkono ambao mama alikuwa ametabiri, nilimwona kwa pembe ya jicho. Alisogea mbele kwenye kiti. Alijua, na bado alisogea.

Mama yangu, nakuona uko safu ya tatu. Leo nimekuja kukujibu.

Ndugu zangu, mimi nafundisha Kiswahili. Nikiingia darasani kufundisha ushairi, jambo la kwanza wanafunzi wanalolipenda ni kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudi katika kila ubeti. Beti zote zinabadilika, habari inasonga, lakini mshororo ule unarudi vile vile. Mwanafunzi mvivu huniuliza, "Mwalimu, mbona mshairi anajirudia? Maneno yamemwishia?" Nami humwambia asome shairi kwa sauti mbele ya wenzake. Akifika ubeti wa tatu, darasa zima linamsaidia kumalizia. Hakuna aliyewaambia wasaidie.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Kibwagizo. Ndani yake mna nini? Mna bwaga. Kubwaga mzigo. Kubwagana katika mieleka. Lugha yetu imeuweka mwisho wa ubeti na mwisho wa mwanamieleka katika shina moja. Mshairi hupandisha maneno mshororo kwa mshororo, kisha huyabwaga pale pale ambapo sote tunamngoja. Na mwanamieleka naye humpandisha mtu mabegani, akambwaga pale pale ambapo sote tunamngoja. Ninaposema leo kwamba mapigo yale yanayotabirika ni kibwagizo, sitafuti mfano wa kupendeza. Naamini ni kazi ile ile.

Hebu tuyatazame kwa karibu. Cena alianza kuonekana kwenye runinga ya WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, mwaka 2002, na kwa miaka mingi mambo yake yalikwenda hivi. Amepigwa. Amepigwa mpaka watoto wameziba macho. Adui anamrusha kwenye kamba. Cena anarudi mbio, anamgonga kwa bega, adui chini. Adui anaamka, bega la pili, chini tena. Adui anaamka kwa hasira na kurusha ngumi. Cena anainama, ngumi inapita juu, anamshika kiunoni kutoka nyuma, anamzungusha hewani na kumtua kwa mgongo. Hapo ukumbi mzima umeshasimama. Cena anasimama juu yake, anaunyosha mkono, anaupitisha kiganja mbele ya uso wake mwenyewe: hunioni. Anakimbilia kamba, anarudi, na badala ya kupiga, anasita. Anafuta vumbi begani. Kisha ndipo ngumi inashuka kwenye paji la uso. Halafu anamngoja ainuke, anambeba mabegani kama gunia la viazi vya Molo, na kumbwaga. Mabega ya adui yako chini, mwamuzi anahesabu moja, mbili, tatu, na pambano limekwisha.

Swali langu kwenu ni hili. Kwa nini anasita kufuta vumbi? Adui amelala. Ukiwa vitani, unafuta vumbi la nini?

Anasita kwa sababu yako. Anakupa nafasi uingie. Ni kama fanani aliyesema paukwa akanyamaza. Ule ukimya si wake, ni wako.

Watu wa mieleka wenyewe waliwahi kuyacheka mapigo haya, wakayaita mapigo matano ya maangamizi. Na kabla ya Cena, alisemwa Bret Hart, Mkanada wa Calgary. Miaka ya 1990 ungemwona akimtega mtu mguu na kumwangusha chali pamoja naye, akimvunja mgongo juu ya goti lake, akipanda kamba ya pili na kushuka na kiwiko, kisha akimkunja miguu katika ile Sharpshooter yake mpaka mtu asalimu amri. Wanaomcheka hawajatazama jinsi alivyopiga kila pigo lile safi, usiku baada ya usiku, kama fundi anayepigilia misumari iliyonyooka. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa ulingo.

Hapa kwetu Nakuru tuna ukumbi wa ndondi unaoitwa Madison Square Garden. Wazee wanaujua. Umechukua jina la ule wa New York, ambako tarehe 31 Machi 1985 ilifanyika WrestleMania ya kwanza kabisa, lile onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka. Mji huu ni mji wa ndondi. Ni mji wa Philip Waruinge, aliyeleta nishani ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968, pamoja na tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki ile, kisha nishani ya fedha kutoka Munich mwaka 1972. Kwa hiyo nakubali, sisi tumelelewa kutazama ngumi za kweli. Na ndiyo maana wengi wetu tunaitazama mieleka kwa jicho la ndondi, tukaiona ya uongo.

Lakini fikirini pamoja nami. Bondia anafanya nini na ngumi yake bora? Anaificha. Mpinzani akiijua, imekufa. Mwanamieleka anafanya nini na pigo lake bora? Analitangaza. Shawn Michaels alikuwa akienda kwenye kona, anapiga sakafu ya ulingo kwa mguu, ti! ti! ti! na watu wanapiga naye, kabla hajarusha teke la kidevuni. The Rock alikuwa akivua kitambaa cha kiwikoni na kuwarushia watu kwanza, ndipo akimbie kamba hii mpaka ile, ndipo aangushe kiwiko. Bondia anapigana na mtu mmoja, na sisi tunachungulia. Mwanamieleka anacheza na mwenzake, na sisi ni mtu wa tatu ulingoni. Tukikosekana sisi, hakuna kitu. Na wala hili si siri tena. Mwaka 1989 kampuni iliyokuwa ikiendesha mieleka hiyo iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey waziwazi kwamba hii ni burudani, mshindi anapangwa, ili isisimamiwe na kulipishwa kama ndondi. Ni zaidi ya miaka 30. Watu hawakuacha kutazama.

Nimesema anacheza na mwenzake. Hapo nataka tukae kidogo, hasa ninyi vijana, kwa sababu pana jambo nililojifunza kwa uchungu.

Nilipokuwa darasa la saba, tulikuwa tukienda kibanda cha video, mabati matupu, benchi za mbao, jenereta ikinguruma nyuma. Tulimpenda mwanamieleka Undertaker kuliko binadamu yeyote. Tuliambiana kwamba amekufa mara saba na kila mara anafufuka. Akigeuza mtu kichwa chini miguu juu, akavuka mikono yake, kibanda kizima kilinyamaza, maana pigo la Tombstone likishapigwa, basi. Stelingi hafi, na huyu alikuwa stelingi aliyetoka kaburini.

Siku moja mama alikuwa ameanika godoro uani. Nilimchukua mdogo wangu, akiwa na miaka tisa, nikamgeuza kichwa chini. Nilijua kila kitu: mikono inakaaje, uso unakuwaje, hata macho nilikuwa nimeyageuza yakabaki meupe. Nisichokijua ni kitu kimoja tu. Sikujua kwamba anayegeuzwa naye anafanya kazi. Mdogo wangu hakujua ashike wapi. Alijipinda kwa hofu, nikamwacha, akaangukia bega nje ya godoro. Nilisikia mtulinga ukikatika. Mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti. Mpaka leo mfupa ule una kinundu, na kila akivaa fulana nakiona.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa lile pigo lilivyojengwa. Kichwa cha anayegeuzwa hukaa juu ya usawa wa magoti ya mpigaji, kimebanwa mapajani. Mpigaji hupiga magoti, na magoti ndiyo yanayogusa sakafu kwanza. Aliye juu chini naye humkumbatia mwenzake miguuni na kujikaza. Ni watu wawili wanaolindana, mmoja akiwa amebeba shingo ya mwenzake.

Na pakitokea kosa? Tarehe 3 Agosti 1997, huko New Jersey, Owen Hart, mdogo wake Bret, alimgeuza Stone Cold Steve Austin kichwa chini. Lakini Owen hakupiga magoti. Aliketi. Na ukiketi, kichwa cha mwenzako kinatangulia. Austin alianguka kwa utosi, na kwa muda akawa hahisi mikono wala miguu mbele ya maelfu ya watu. Tazameni kilichofuata. Owen alianza kuzunguka ulingoni akiwazomea watazamaji na kuwachokoza, akimnunulia mwenzake wakati. Mpaka Austin akaweza kujikokota, akamshika Owen kwa udhaifu, akamkunja, na mwamuzi akahesabu tatu. Shingo ile ilimsumbua Austin mpaka ikamwondoa kwenye kazi.

Sasa niambieni. Mtu anayebeba uhai wa mwenzake kila usiku, mji huu leo, mji ule kesho, pengine na mwenzake ambaye hawajafanya naye mazoezi, atakuwa anabuni mapigo mapya kila saa? Ule mfululizo ni lugha. Ukumbi una kelele, hamwezi kusemezana zaidi ya neno moja sikioni. Cena akikugonga bega la kwanza, unajua la pili linakuja, unajua uamke vipi, urushe ngumi ya juu ili ainame. Mapigo yakishajulikana, mikono inajua pa kushika.

Wewe unayesema "anajirudia," ungependa daktari wa upasuaji akubunie kitu kipya?

Nirudi kwa watazamaji. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi moja ya sungura na fisi ambayo alitusimulia labda mara mia. Pana mahali fisi anaanguka kisimani, na bibi alikuwa na mlio wake wa pale: tubwi! Sote tulijua tubwi inakuja. Usiku mmoja, sijui kwa uchovu au kwa makusudi, bibi aliipita. Akaendelea na habari ya sungura. Tukapiga kelele, watoto sita, mmoja alilia kabisa. "Bibi, tubwi iko wapi?" Tulikuwa tunadai haki yetu.

Basi ukiwa na kitu ambacho watu wanakidai namna hiyo, una nguvu kubwa mkononi. Unaweza kuwapa. Unaweza kuwachelewesha. Unaweza kuwanyima. Mtu asiye na kibwagizo hana cha kumnyima mtu.

Undertaker alianza kushinda WrestleMania mwaka 1991. Akashinda tena, na tena, mpaka ikawa mara 21 bila kushindwa. Mwaka 2009 Shawn Michaels alipigwa Tombstone, mwamuzi akahesabu moja, mbili, na Michaels akanyanyua bega. Tazameni uso wa Undertaker pale, macho yametoka. Uso ule ndio uliokuwa uso wetu sote. Mwaka uliofuata walirudiana, na safari hii Michaels alikuwa ameweka kazi yake rehani: akishindwa, anastaafu. Mwishoni Michaels amechoka, amepiga magoti, Undertaker anasita kummaliza. Michaels anainuka kidogo kidogo, anamkatia ishara ya shingo, ile ile ya Undertaker mwenyewe, na kumzaba kofi. Undertaker akamgeuza, na badala ya kupiga magoti kama siku zote, aliruka kwanza. Aliruka! Ni pigo lile lile tulilolijua tangu kibandani, limeongezwa mruko mmoja tu, na mimi mtu mzima nilijikuta nimeshika kichwa.

Halafu ikaja tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans. Brock Lesnar alimbeba Undertaker mabegani, akamzungusha, akambwaga kwa mara ya tatu usiku ule. Mwamuzi akahesabu. Moja. Mbili. Watu wakangoja bega linyanyuke, kama lilivyonyanyuka miaka yote. Tatu. Hawakuzomea wala kushangilia. Ukumbi wenye watu zaidi ya 70,000 ulikaa kama matangani, mpaka namba 21-1 ikatokea kwenye skrini. Niulize: ukimya ule ulijengwa na usiku mmoja? Ulijengwa na miaka 23 ya kujua kitakachotokea.

Na Lesnar yule yule, miezi minne baadaye, alimrusha Cena nyuma mara 16 katika pambano moja. Cena alifanikiwa kumbeba na kumbwaga mara moja. Lesnar akaketi, akacheka. Watoto waliovaa fulana za Cena walikuwa wakitazama kibwagizo chao kikichekwa.

Wapo waliomchukia Cena, najua, na baadhi yenu mmo humu. Juni 2006 mjini New York alirusha fulana yake kwa watu, wakamrudishia. Akairusha tena, wakairudisha tena. Lakini hata waliomchukia walikuwa ndani ya ngonjera. Nusu ya ukumbi ikiimba twende Cena, nusu ya pili ikijibu kwamba hafai kitu, kwa mahadhi yale yale, kwa zamu, bila mtu kukosea. Wanaharusi wa Bondeni na mabwana harusi hawajibizani vizuri namna ile.

Nimalizie na mdogo wangu. Sasa ni baba wa watoto watatu, anaendesha matatu ya Nakuru na Njoro. Tarehe 13 Desemba 2025 Cena alipigana pambano lake la mwisho, huko Washington, na Gunther wa Austria. Kwetu ilikuwa Jumapili kabla ya mapambazuko. Nilienda kwake tukatazama kwenye simu, sauti chini, watoto wasiamke. Mabega yalikuja. Mzunguko ulikuja. Mdogo wangu, mtu mzima, fulana ya kulalia, kinundu begani, aliinua mkono wake gizani, akaupitisha kiganja mbele ya uso pamoja na Cena.

Kisha Gunther akamtia Cena kabali. Akajinasua. Akatiwa tena. Na tena. Tulimngoja ainuke. Huyu ni mtu aliyevaa maneno ya kutokata tamaa kifuani kwa miaka mingi. Tukaona akitabasamu kidogo, kisha kiganja kile kile, kile cha hunioni, kikagonga mkono wa Gunther. Amekubali kushindwa.

Mdogo wangu hakusema kitu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameamka kumbe, amesimama nyuma yetu. Akauliza, "Baba, si bado ataamka?"

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mama wa beseni, wewe ndiye uanze na swali.